Mzabibu, Mvua na Mvinyo Mwekundu: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kupanda Bigwa

Mche wa mzabibu ukipandwa Bigwa hushika na kukua kwa haraka. Majani hutanda, matawi hurefuka, na baada ya miaka miwili au mitatu vishada huanza kuonekana. Shida huja vishada vinapokaribia kuiva: ukungu huvishambulia, punje hupasuka, na nyingine huoza zikiwa bado mtini. Ni vema mkulima aijue sababu kabla ya kutoa fedha za miche, nguzo na waya. Sababu hiyo ndiyo pia inayoeleza jinsi mvinyo mwekundu ulio bora unavyopatikana.

Hali ya hewa

Kitovu cha zabibu nchini ni Dodoma, takribani kilomita 260 kutoka Morogoro kwa barabara. Kilimo hicho kilianza kwa wamisionari Wakatoliki katika eneo la Bihawana. Dodoma iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,100, na mvua yake ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, ikiwa chini ya milimita 600 kwa mwaka wa kawaida. Miezi inayobaki ni ya ukame. Jua kali la mchana huongeza sukari katika punje, na baridi ya usiku hulinda uchachu wake. Mvinyo usio na uchachu wa kutosha hupooza mdomoni.

Bigwa, iliyo chini ya Milima ya Uluguru, hupata mvua za vuli na za masika, kwa kuwa milima hiyo huzuia pepo zenye unyevu zitokazo Bahari ya Hindi. Miteremko ya mashariki ya Uluguru hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Unyevu huo ni neema kwa migomba na chemchemi, lakini hulea ubwiri, ugonjwa wa ukungu unaoharibu majani na vishada vya mzabibu.

Shambani

Katika nchi zenye majira ya baridi kali, mzabibu hupumzika wenyewe. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo, hivyo mkulima huupangia msimu kwa mkasi wa kupogolea. Baada ya kupogolewa, mzabibu huchipua, huchanua na kuivisha matunda kwa takribani miezi minne. Kwa sababu hiyo Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya Agosti na Septemba huiva bila kunyeshewa.

Maji nayo hupimwa. Yakizidi, mzabibu hutoa majani mengi, punje huvimba na juisi huwa nyepesi. Yakitolewa kwa kiasi, punje hubaki ndogo, na maganda huwa mengi yakilinganishwa na juisi. Hilo ni jambo kubwa kwa mvinyo mwekundu.

Kiwandani

Juisi ya zabibu nyingi nyekundu haina rangi. Rangi imo katika maganda. Kwa hiyo zabibu hupondwa na kuchachushwa pamoja na maganda yake kwa siku kadhaa. Hamira hula sukari na kuigeuza kuwa kilevi na hewa ya ukaa. Takribani gramu 17 za sukari katika lita moja hutoa asilimia moja ya kilevi. Juisi yenye gramu 220 hutoa mvinyo wa karibu asilimia 13. Hewa hiyo huyainua maganda juu, na mtengenezaji huyazamisha tena mara kwa mara ili yatoe rangi na ukakasi. Kisha mvinyo hukamuliwa na kuhifadhiwa katika matangi au mapipa ya mwaloni hadi ukakasi utulie. Kiwanda kizuri hutunza ubora uliotoka shambani, lakini hakiwezi kuondoa madhara ya zabibu zilizooza.

Maana yake kwa Bigwa

Mizabibu michache ya kivuli uani haina ubaya. Kuitegemea kwa biashara ya mvinyo ni kushindana na mvua, na gharama ya dawa za ukungu inaweza kumaliza faida. Kanuni iliyoinufaisha Dodoma ni kuchagua zao linalokubaliana na hewa ya mahali. Kwa Bigwa na vijiji vya mlimani, mazao hayo ni pamoja na ndizi, mananasi na mafenesi. Ndizi na choya pia hutengenezwa mvinyo hapa nchini.

Anayefikiria kupanda amwone kwanza afisa ugani wa kata yake. Anayetaka kutengeneza mvinyo wa kuuza afuate taratibu za Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na kuomba leseni za biashara na za vileo katika halmashauri kabla ya chupa ya kwanza kuingia sokoni.