Mapipa Yasiyoandikwa

Asubuhi ya tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka Msamvu, mjini Morogoro, petroli ikatapakaa na watu wakaikimbilia na madumu, hata moto ukalipuka na kuwateketeza wengi, ambao idadi yao ilikuja kupita 100, hapakuwa na haja ya ripoti ya mtu yeyote ili ijulikane kwamba mafuta yamemwagika. Msiba ule ulikuwa na mashahidi, na makaburi ya Kola yangali yakishuhudia.

Aghalabu, hata hivyo, mafuta humwagika pasipo shahidi. Katika ardhi ya mkoa huuhuu limepita bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, ambalo tangu mwaka 1968 limeyachukua mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Nami silitaji kwa tuhuma, bali kwa sababu bomba lolote duniani, likitoboka usiku porini, mwenye mita za kuonyesha kiasi kilichopotea ni mwenye bomba, naye ndiye atakayedaiwa fidia. Mdaiwa ndiye ashikaye mizani!

Wavuvi wa Bodo, nchini Nigeria, waliyaonja hayo mwaka 2008, bomba la Shell lilipovuja mara mbili mikokoni mwao. Ripoti ya uvujaji wa kwanza ilitaja mapipa 1,640 kwa jumla, ilhali wataalamu walioitazama picha ya video ya tundu lile kwa niaba ya Amnesty International walikadiria mapipa baina ya 1,440 na 4,320 kwa kila siku. Na hata siku zenyewe zilibishaniwa, kwani wenyeji walisema mafuta yalianza kutoka mwishoni mwa Agosti, na kampuni ikahesabu kuanzia Oktoba. Ilipofika Novemba 2014, kesi ikiwa mahakamani London, kampuni ilikiri kwamba mafuta yalizidi kiasi kilichotangazwa, na Januari 2015 ikaridhia kulipa pauni milioni 55. Miaka sita ilikuwa imepita, na mikoko imekufa.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imempa kila mkazi haki ya mazingira safi na salama, na idhini ya kushtaki haki hiyo inapovunjwa. Imemtwika mchafuzi gharama za uchafuzi wake, na imefanya kosa kusema uongo katika taarifa ya athari kwa mazingira. Lakini sheria haiwezi kuukamata uongo ambao hakuna aliyeupima, na madhali wakaguzi wa mazingira wa serikali hawawezi kuwa katika kila bonde kwa wakati mmoja, naona ni dhuluma kumwachia mwenye bomba kalamu peke yake, hasa katika nchi hii ambamo Ngerengere hupita Morogoro na kuungana na Ruvu, mto unywewao na sehemu kubwa ya Dar es Salaam.

Siku ya uvujaji, basi, maji ya mto yachukuliwe mbele ya wanakijiji, chini ya tundu na juu yake, saa na tarehe ziandikwe papo hapo, na kwa kila sehemu chupa ziwe mbili: moja iende maabara, ya pili itiwe lakiri na kubaki kwa mtendaji wa kijiji.