Si kila sindano ni chanjo, na si kila chanjo ni sindano

"Mwanangu kamaliza chanjo zote," jirani yangu aliniambia, huku mtoto wake wa miaka miwili akicheza mlangoni. "Juzi tu kapewa matone na dawa ya minyoo."

Tulipofungua kadi ya kliniki, nafasi ya chanjo ya pili ya surua na rubella, ile ya miezi 18, ilikuwa tupu.

Hakudanganya. Alichanganya, kama wengi wetu.

Kuchanja ni kukata au kukwaruza ngozi, na ndivyo watu walivyochanjwa enzi za ndui. Ndiyo maana ukitaja chanjo, mzazi anawaza sindano. Lakini chanjo haijulikani kwa sindano, bali kwa kazi yake: kuufundisha mwili kumtambua adui kabla hajafika. Mara nyingi hubeba vijidudu vilivyouawa au kudhoofishwa, au sehemu yake tu. Mwili hujifunza, hutengeneza kinga na kukumbuka.

Kwa hiyo matone ya polio na ya rota, ingawa hunywewa, ni chanjo kamili. Matone ya vitamini A, anayopewa mtoto kila miezi 6 kuanzia umri wa miezi 6 hadi anapokaribia miaka 5, si chanjo. Ni nyongeza ya lishe. Dawa ya minyoo huondoa minyoo iliyopo leo, haizuii ya kesho. Sindano ya antibayotiki ni tiba. Vyote vina faida, ila kimoja hakizibi pengo la kingine.

Na pengo la surua si dogo. Dozi ya miezi 9 hukinga takriban watoto 85 kati ya 100. Waliobaki wanaitegemea ya pili, na hiyo ndiyo husahaulika kirahisi, kwa kuwa mtoto ameshatembea na safari za kliniki zimepungua. Surua husambaa kwa hewa, na huweza kuleta kichomi, upofu, hata kifo.

Mzazi, leo jioni toa kadi ya mwanao. Usihesabu sindano, soma jina la kila chanjo na tarehe yake. Ukikuta nafasi tupu, mpeleke kliniki na kadi yake. Akichelewa huendelea pale alipoishia, haanzi upya.

Jirani yangu alikwenda Jumatatu.