Roho Iliyouzwa kwa Bustani ya Mboga

Somo letu la leo ni Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, habari za mfalme Ahabu na shamba la Nabothi. Lakini kabla ya kulifikia somo, yatupasa kujibu swali ambalo vijana wapendao kutunga hadithi hutuuliza. Husema: Je, Mkristo aweza kuchunguza habari za mashetani, na za watu waliouza roho zao, ili apate kuandika kitabu? Au kule kuchunguza peke yake ni kuwafungulia mlango?

Sisi twasema aweza. Biblia haikuficha habari za mjaribu, wala haikuona aibu kusimulia mapatano mabaya ya wanadamu. Lakini mwenye kuchunguza na ajue anatafuta nini, asije akatoka na uvumi akadhani amepata elimu.

Tuanze hapa nyumbani. Nani katika Nakuru asiyeujua Menengai? Wakikuyu waliuita Kirima kia Ngoma. Hiyo si ngoma ya kuchezwa. Kwao hapo kale neno hilo lilikuwa la roho za wafu, na baadaye likatumika kwa mashetani. Ilisimuliwa kwamba chini ya shimo lile mashetani hulima mashamba yao, na kwamba mtu akishuka hupotea njia. Wengine husimulia vita vya Wamaasai vya karne ya 19, jinsi mashujaa wa Ilaikipiak walivyotupwa shimoni, na kwamba ule moshi utokao ni roho zao zikitafuta njia ya kupanda mbinguni.

Kijana na aandike yote hayo, kisha aendelee kuuliza. Ataambiwa kwamba shimo lile, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 90 hivi, ni kinywa cha volkano, na moshi ule ni mvuke wa maji yaliyochemshwa na moto wa ardhini. Tangu mwaka 2011 visima vimechimbwa humo ili mvuke huo utoe umeme. Tena atawakuta Wakristo wakishuka mapangoni kufunga na kuomba. Mlima ni mmoja, na habari zake ni nyingi. Kwa hiyo kila asikiapo habari ya shetani na aulize: imesemwa na nani, lini, na kwa faida ya nani?

Sasa tuje kwenye mapatano ya roho. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru, aliyefariki Mei 2025, aliifanya kazi hiyo hasa. Akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978 aliandika kwa Kikuyu, juu ya karatasi za chooni, riwaya iliyotoka mwaka 1980 na kufasiriwa kwa Kiswahili mwaka 1982 kwa jina la Shetani Msalabani. Alikuwa amezisoma hadithi za Ulaya za Faust, yule msomi aliyejiuza kwa Shetani. Kitabu cha kwanza cha Faust kilipigwa chapa Frankfurt mwaka 1587. Humo msomi apewa miaka 24 ya elimu na anasa, naye atia sahihi kwa damu yake. Ngũgĩ akaona kwamba habari kama hizo zimo pia katika ngano za wakulima wa kwetu, pamoja na zile za marimu, majitu yalayo watu. Hivyo akavichanganya vyungu viwili.

Ndani ya riwaya yumo kijana wa chuo kikuu, Gatuĩria, ambaye naye ni mchunguzi. Ataka kutunga muziki wa taifa lake, lakini hana habari za kuutia uhai. Basi amwendea mzee mmoja wa Bahati, hapa Nakuru, na mzee amsimulia habari za mtu aliyekwenda pangoni akawapa pepo wabaya roho yake ili apate mali. Kijana asikiliza kama msomi. Hasadiki kwamba mambo hayo yako. Lakini mwisho wa kitabu agundua kwamba mzee tajiri aliyemharibia maisha mchumba wake, Warĩĩnga, alipokuwa msichana wa shule, ni baba yake mwenyewe, mkazi wa Nakuru. Alichokwenda kukitafuta kwa wazee kilikuwa kimeketi mezani kwao.

Ngũgĩ hakuwa mhubiri, na kanisa alilikosoa kwa ukali. Lakini hapo aligusa jambo ambalo nabii Eliya alilisema kabla yake. Na sasa tufungue somo letu.

Mfalme Ahabu aliitamani mizabibu ya jirani yake, iliyokuwa kando ya jumba la kifalme, apate kuifanya bustani ya mboga. Nabothi akakataa, kwa kuwa ni urithi wa baba zake. Mfalme akajilaza kitandani, akageuza uso, akakataa chakula. Mkewe Yezebeli akaandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri. Wakaletwa watu wawili wabaya kushuhudia kwamba Nabothi amemlaani Mungu na mfalme. Nabothi akapigwa mawe, naye Ahabu akashuka kulitwaa shamba. Ndipo Eliya akamkabili na kumwambia kwamba amejiuza ili atende uovu.

Angalieni, ndugu zetu. Pango liko wapi? Damu ya kutilia sahihi iko wapi? Kuna barua, muhuri, mashahidi wa uongo na kipande cha ardhi. Hayo sisi wa Bonde la Ufa twayajua bila kufundishwa. Roho ya mfalme iliuzwa kwa bustani ya mboga. Esau aliuza haki yake ya uzaliwa wa kwanza kwa bakuli la dengu; Yuda alipokea vipande 30 vya fedha. Bei ya Shetani ni ndogo siku zote.

Tena angalieni ni nani aliyeshtakiwa kwamba ni adui wa Mungu. Si Ahabu aliyejiuza, bali ni Nabothi asiye na hatia. Hapo ndipo penye hatari kwetu. Mtu akijenga nyumba ya ghorofa, twanong'ona kwamba ana majini. Mama mzee akiishi peke yake, twamwita mchawi. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za Shetani nchini, na ripoti yake ikatolewa hadharani mwaka 1999. Uvumi haukukoma kwa ajili hiyo. Mei 2008, huko Kisii, watu 11 walichomwa moto hata kufa kwa tuhuma za uchawi, na wengi wao walikuwa wanawake. Yezebeli alihitaji mashahidi wawili. Sisi yatutosha mnong'ono mmoja.

Kwa hiyo, kijana mwandishi, chunguza, uandike. Lakini hadithi yako iwe kioo, isiwe kidole. Msomaji akiifunga, asiseme, "Nimemjua jirani yangu," bali ajiulize, "Na mimi, nimeweka bei gani?"

Na kama yuko asikilizaye leo ambaye amekwisha kuuza, kwa rushwa, kwa shamba la yatima, kwa ushahidi wa uongo, asikate tamaa. Neno kukomboa twalijua sote: aliyeweka mali yake rehani huenda kuikomboa. Kristo alilipa kwa damu yake mwenyewe, na hati ya adui haina nguvu tena. Hata Ahabu, aliporarua mavazi yake na kunyenyekea, Mungu alimwona. Basi mrudishie Nabothi shamba lake, kama angali hai. Kama hayupo, warudishie watoto wake.

Bwana awabariki na kuwalinda. Amina.