Matunzio ya picha yapimwe kwenye simu ya msomaji

Mwenye tovuti anayetaka kuonyesha picha nyingi pamoja kwa kawaida hutafuta programu-jalizi, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye programu kuu ya kuendeshea tovuti, kama WordPress, ili kuipa uwezo ambao haikuwa nao. Programu-jalizi ya matunzio hupanga picha kwa safu. Msomaji akigusa picha moja, hukua ikajaza skrini. Akitelezesha kidole, huja inayofuata. Programu hizi ni nyingi, na zote hupendeza katika maonyesho ya watengenezaji wake. Tutajuaje ipi inafaa?

Tuchukue mfano wa picha 24 za milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, Zanzibar, zilizopigwa kwa simu. Kila moja ina pikseli 4,000 kwa upana na 3,000 kwa urefu. Pikseli ni nukta moja ya rangi, hivyo kila picha ina nukta milioni 12. Tuseme kila faili lina megabaiti 4. Picha zote 24 zitakuwa na megabaiti 96.

Kipimo cha kwanza ni uzito. Kwenye mtandao wenye kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, megabaiti 96 huchukua zaidi ya dakika sita kufika. Matunzio yaliyotengenezwa vizuri huanza kwa kuleta vijipicha, yaani nakala ndogo za picha. Vijipicha 24 vya kilobaiti 20 kila kimoja ni kilobaiti 480, na hufika kwa takriban sekunde mbili. Picha kubwa huja pale tu msomaji anapoigusa, nayo iwe imepunguzwa kufikia ukubwa wa skrini yake. Tofauti ya dakika sita na sekunde mbili hulipwa na msomaji, kwa bando lake.

Kipimo cha pili ni kumbukumbu ya simu. Faili la picha la aina ya JPEG hubanwa ili liwe dogo, lakini kivinjari hakiwezi kuionyesha picha bila kuifungua kwanza. Ikifunguliwa, kila pikseli huhitaji angalau baiti tatu: moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Picha yetu ya megabaiti 4 hudai megabaiti 36 za kumbukumbu. Ndiyo maana simu ya bei nafuu huganda au hufunga kivinjari ghafla hata pale ambapo mtandao una kasi nzuri. Kompyuta ya mwenye tovuti haitamwonyesha tatizo hili.

Kipimo cha tatu ni upakiaji wa kusubiri: kivinjari kuacha picha zilizo chini ya ukurasa hadi msomaji anapozikaribia. WordPress imefanya hivyo yenyewe tangu toleo la 5.5 la Agosti 2020, lakini programu-jalizi inayotumia njia yake ya kuweka picha inaweza kuupita utaratibu huo. Kuhakikisha ni rahisi. Fungua ukurasa kwenye kompyuta, washa zana za kivinjari zinazoorodhesha kila faili linaloingia, kisha uache ukurasa ulivyo. Zikiingia picha zote 24 kabla hujashuka hata kidogo, hata zilizo mbali chini ya ukurasa, hakuna kinachosubiri.

Kipimo cha nne ni utulivu wa ukurasa. Kivinjari kisipoambiwa mapema upana na urefu wa picha, hakiiachii nafasi. Picha inapofika, husukuma maandishi chini. Msomaji aliyekuwa katikati ya sentensi huipoteza, na aliyetaka kugusa kiungo hugusa kingine. Matunzio mazuri hutenga nafasi ya kila picha kabla haijafika.

Kipimo cha tano ni mkono wa mtumiaji. Gusa mlango mmoja ujaze skrini, kisha bonyeza kitufe cha kurudi nyuma cha simu, kama watu wengi wanavyofanya wanapotaka kufunga kitu. Katika baadhi ya matunzio picha hufungwa na unarudi kwenye safu. Katika mengine unatupwa nje ya ukurasa mzima. Jaribio hili huchukua sekunde tano, na ni rahisi kulisahau ukiwa na kipanya mkononi.

Kipimo cha sita kinamhusu asiyeona. Yeye husomewa ukurasa na kisoma skrini, na picha humfikia kupitia maandishi mbadala, yaani maelezo yaliyofungwa pamoja nayo. Maelezo kama “Mlango wa mbao wenye nakshi za maua na mnyororo kwenye fremu, na safu za misumari mikubwa ya shaba” humpa mlango. Jina la faili lenye tarakimu tupu halimpi kitu. Angalia kama programu inayabeba maandishi hayo hadi kwenye picha iliyokuzwa, na kama matunzio yote yanapitika kwa vitufe vya kibodi pekee.

Kipimo cha saba ni kile kinachobaki programu ikiondoka. Wapo walioyajenga matunzio yao kwa Flash, teknolojia ya kampuni ya Adobe. Adobe ilipositisha kuihudumia mwishoni mwa 2020, vivinjari vikaacha kuyaonyesha. Kwa hiyo, kwenye nakala ya majaribio ya tovuti, izime programu-jalizi kisha ufungue ukurasa. Katika baadhi ya programu, picha hubaki zimepangwa kwa njia rahisi. Katika nyingine hubaki mabano ya mraba yenye namba, na mlango hata mmoja hauonekani.

Ili majibu yalingane, tumia picha zilezile, simu ileile na mtandao uleule kwa kila programu. Futa kwanza kumbukumbu ya muda ya kivinjari, la sivyo utapima faili zilizokwisha kuhifadhiwa. Rudia mara tatu, kisha uchukue matokeo ya katikati. Ukijaribu programu moja, nyingine zizime.

Sasa tunaweza kuhukumu. Vipimo sita vya kwanza vina dawa: uzito hupunguzwa, nafasi hutengwa, maelezo huandikwa. Cha saba kikishindwa, siku ya kugundua huwa umechelewa, kwa sababu kazi ya miaka imefungwa ndani ya programu ya mtu mwingine. Kwa hiyo kianze hicho. Programu isiyoacha picha zikionekana baada ya kuzimwa iwekwe kando, hata ikiwa na madoido mazuri kiasi gani. Zitakazobaki zipimwe kwa simu ya bei nafuu, mbali na mtandao wa ofisini. Msomaji amekuja kuiona milango, na matunzio yanayofaa ni yale yanayomfikisha mlangoni haraka kisha yakampisha.