Nyanya tamu uliyokula leo, msimu ujao utaipata tena?

Umevuna nyanya tamu nyuma ya nyumba pale Masasi, ukatunza mbegu. Msimu unaofuata zinatoka nyanya tofauti kabisa. Shida inaweza kuwa mbegu yenyewe, siyo udongo.

Pakiti ikiandikwa F1, hiyo ni chotara. Watoto wake hawamfuati mama, hivyo kila msimu inabidi ununue upya. Aina kama Tanya, Cal J, Tengeru 97 na Money Maker siyo chotara. Mbegu zake ukitunza, unavuna nyanya ileile.

Hazifanani mdomoni wala shambani. Tanya ina nyama ngumu, inavumilia safari ya sokoni. Money Maker ni ya mviringo, inarefuka na inahitaji mti wa kuegemea. Nzuri kwa kachumbari. Kama nafasi ipo, panda miche 3 ya kila aina, kisha onja mwenyewe. Nyanya hujichavusha zenyewe, kwa hiyo ni nadra aina kuchanganyika.

Kutunza mbegu:

1. Chagua tunda lililoiva vizuri kwenye mche usio na ugonjwa.
2. Kamua mbegu na ute wake kwenye kikombe, acha siku 2 hadi 3.
3. Osha, anika kivulini kwenye sahani.
4. Zikikauka, funga kwenye karatasi. Andika jina na tarehe.

Masasi na Newala mvua ni ya msimu mmoja, na ikizidi huleta ukungu kwenye majani. Kiangazi ukungu hupungua, ila kagua majani mara kwa mara: kantangaze hapumziki.