Je, Wajua? Mnana Hubomoa Nyumba Aliyoisuka

Mnana dume husuka kiota kwa nyuzi za ukuti mbichi, hana chombo ila mdomo wake. Kisha huning'inia chini yake akipigapiga mbawa kumwita jike, na jike akikikagua asiridhike nacho, mara nyingi dume hukibomoa na kuanza upya.

Ua la mbuyu, jeupe, pana kama kiganja, hufunguka magharibi; popo hulizuru usiku kunywa asali yake, na kesho yake hunyauka.

Kifauwongo kikiguswa hufumba majani, kwa sababu maji huhama ghafula katika vifundo vya vikonyo vyake. Baada ya dakika chache hufumbua.

Ajabu hizi zi karibu na nyumba ya shamba. Toka alfajiri, tembea taratibu, utazame.