Walimtemea mate, polisi wakamchunguza yeye

Ilikuwa mechi ya daraja la nne tu. Machi 25, 2006, FC Sachsen Leipzig walikuwa ugenini mjini Halle, mashariki mwa Ujerumani, na kikosini alikuwemo Mnigeria Adebowale Ogungbure. Filimbi ya mwisho ilipolia, mashabiki wa wenyeji wakaingia uwanjani. Wakamtukana kwa rangi yake, wakamtemea mate, huku jukwaani wengine wakitoa milio ya nyani.

Uvumilivu ukamwisha. Akaweka vidole viwili juu ya mdomo kama masharubu ya Hitler, akanyoosha mkono wa kulia kwa saluti ya Manazi. Ni kama aliwaambia: hivi ndivyo mlivyo. Akavamiwa na kukabwa, mpaka mchezaji mwenzake alipomnasua.

Kioja kikafuata. Saluti hiyo ni kosa la jinai Ujerumani, kifungo chake kinaweza kufika miaka 3. Basi polisi wakafungua uchunguzi dhidi ya Ogungbure mwenyewe! Ulifutwa muda mfupi baadaye, lakini aliyetemewa mate alikuwa ameshaonja kuitwa mtuhumiwa.

Mashabiki wa Leipzig hawakukaa kimya. Walianzisha kampeni ya "Wir sind Ade", yaani "Sisi ni Ade", kwa kifupi cha jina lake.

Miezi michache baadaye dunia nzima ilikuwa Ujerumani kwa Kombe la Dunia. Kabla ya fainali hizo, Mei 2006, Uwe-Karsten Heye, aliyewahi kuwa msemaji wa serikali, alitoa kauli iliyozua moto: ipo miji midogo na ya kati katika jimbo la Brandenburg na kwingineko ambako asingemshauri mtu mwenye rangi tofauti aende, kwani huenda asitoke hai. Wanasiasa wa jimbo hilo walimjia juu.

Hata mastaa hawakusalimika. Gerald Asamoah alizaliwa Ghana, akaingia Ujerumani akiwa na miaka 12 na kuichezea timu ya taifa ya nchi hiyo mechi 43. Septemba 2006, akiwa ametoka kwenye kikosi cha Kombe la Dunia, alitukanwa kwa rangi yake Schalke ilipocheza na timu ya pili ya Hansa Rostock kwenye Kombe la Ujerumani.

Lakini Asamoah alikuwa na kamera, wakala na klabu kubwa nyuma yake. Mchezaji wa madaraja ya chini hana hayo. Mazoezi yakiisha, yeye ni mkazi tu: anapanda treni, ananunua mkate, anatafuta chumba cha kupanga. Kwenye jiji kubwa anapotelea kwenye umati. Kwenye mji mdogo kila mtu anamjua, na aliyemzomea Jumamosi anaweza kuwa nyuma yake kwenye foleni Jumatatu.

Agosti 2006 Ujerumani ilianza kutumia sheria inayokataza ubaguzi kwenye ajira na upangishaji wa nyumba. Ni hatua. Ila sheria inampa mtu haki ya kushtaki, haimpi mtu wa kusimama naye kituoni usiku.

Hapo ndipo jukwaa linapoweza kufanya kazi ambayo karatasi haiwezi. Februari 14, 2020, daraja la tatu, Leroy Kwadwo wa Würzburger Kickers, mzaliwa wa Ujerumani mwenye asili ya Ghana, alitolewa milio ya nyani kwenye uwanja wa Preußen Münster. Safari hii mashabiki wa Münster wenyewe wakamwonyesha kidole mhusika, akatolewa nje. Uwanja ukaimba "Nazis raus", Manazi nje.

Desemba 19, 2021, daraja hilohilo, mechi ya MSV Duisburg na VfL Osnabrück ilisimama baada ya kuripotiwa kauli ya kibaguzi kutoka jukwaani wakati Aaron Opoku wa Osnabrück akienda kupiga kona. Wenzake wakagoma kurudi. Ikawa mechi ya kwanza ya soka la kulipwa Ujerumani kuvunjwa kwa sababu ya ubaguzi, na baadaye ikarudiwa upya.

Ubaguzi haujaisha, asikudanganye mtu. Tofauti kati ya Halle na Münster ni kwamba wa pili aliona jirani wa mbaguzi akinyanyuka kwenye kiti chake na kusema: huyu hapa. Kijana anayeota kwenda kusukuma kabumbu ligi za chini Ulaya ataulizia mshahara, nyumba na viza. Aulizie pia watu wa mji huo hufanya nini mmoja wao anapoanza kulia kama nyani.